Futa Ile ya Zambarau

Siku ya kuniaga mlikata keki, na mmoja wenu akasimama akasema nimeacha alama isiyofutika. Asante, lakini ni uongo. Sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kufuta. Hata hivyo mmeniomba niandike kumbukumbu, na mstaafu hana kisingizio cha mkutano, kwa hiyo nitawaeleza jinsi rangi zilivyofika kwenye skrini zenu. Kila siku nilikuwa nawasikia mkibishana kama skrini nyeusi ni bora kuliko nyeupe, na kila mmoja wenu anadhani ubishi huo ulizaliwa naye.

Vyeo na mishahara nitavipita. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua wenyewe.

Nilifika Kitengela miaka ya tisini nikitokea Bungoma, nikiwa na cheti kipya na viatu vya dada yangu. Ofisi yetu ilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kando ya barabara ya Namanga. Chini waliuza misumari na mabati, juu sisi tuliuza programu, na wateja wengi waliishia chini, wakanunua misumari wakarudi kwao. Madirisha yalikuwa mapana mno, kazi ya mwenye nyumba aliyependa kutazama mbuga na hakuwahi kutumia kompyuta. Asubuhi jua liliingia bila hodi, na vumbi la machimbo ya mawe likalifuata. Kazi yangu ya kwanza kabisa ilikuwa kupindua kibodi na kuipiga mgongoni mpaka iteme mchanga.

Aliyenipa kazi hiyo ni Lemayian, mkuu wa waandishi wa programu. Tulimwita Mzee ingawa hakuwa na mvi hata moja. Alizaliwa upande wa Kajiado katika familia ya wafugaji, akasoma mpaka chuo kikuu, na hakuwa mnyenyekevu kwa lolote kati ya hayo mawili. Alikuwa mkali, mwenye majivuno, na mwalimu bora niliyewahi kupata. Ukimletea programu iliyoandikwa ovyo, aliisoma yote kimya, kisha akakuuliza kama mzazi wako anajua unachofanya mjini.

Najua wengine mtawaonyesha mama zenu maandishi haya, basi niwaeleze. Programu ni maandishi. Ndani yake kuna amri, kuna majina, kuna namba, kuna maneno yatakayoonekana na mteja, na kuna maelezo ambayo kompyuta inayaruka, yamewekwa hapo kwa ajili ya binadamu atakayesoma. Vyote vikiwa rangi moja, macho yanachoka na makosa yanajificha. Kwa hiyo tunaipa kila aina rangi yake. Lemayian ndiye aliyetupangia rangi za ofisi, juu ya skrini nyeusi, maana siku hizo skrini zote zilikuwa nyeusi na hakuna aliyeuliza kwa nini. Amri zilikuwa za kijani, majina meupe, maneno ya mteja ya manjano, namba za zambarau. Maelezo aliyapa kijivu cha giza, kilichozama kwenye weusi hata usiyaone mpaka uinamie skrini. Alisema maelezo ni ya watu wasio na kazi.

Kuanzia hapo ofisi yote ikaanza kusema kwa rangi. Hatukusema "amri ya tatu" au "ile namba ya mwisho". Tulisema "hiyo kijani imekosa mwenzake", "ongeza manjano hapo chini". Lemayian alisema ndivyo anavyozungumza mtu aliyekulia zizini: kwao kila rangi na kila baka la ng'ombe lina neno lake, na mtu akikutajia ng'ombe aliyepotea unamwona kichwani kabla hajamaliza sentensi. Mgeni akiingia ofisini alidhani tunauza vitambaa. Tulijivunia lugha hiyo, na kusema kweli ilikuwa ya haraka. Ilifanya kazi vizuri kabisa mradi sote tulikuwa tunatazama skrini moja.

Miaka ya elfu mbili ilipoanza tukaletewa mashine mpya na meneja mpya, vyote wiki moja. Meneja alikuwa Bwana Musyoki, mtu mwenye bidii na mashati yaliyopigwa pasi mpaka ukaogopa kumgusa. Mashine zilikuja na skrini nyeupe kama karatasi. Bwana Musyoki alizipenda. Alisema skrini nyeusi zinamkumbusha chumba cha kuchapisha cha serikali, na akaagiza ofisi nzima ihamie kwenye weupe.

Lemayian hakuweza. Utotoni aliugua trakoma, ugonjwa wa macho uliowasumbua watoto wengi wa huko kwao, na ulimwachia makovu. Mwanga mkali ulimchoma. Barabarani alivaa kofia pana, ofisini alikaa akiyapa madirisha mgongo, na skrini nyeusi ilikuwa kivuli chake. Alipojaribu ile nyeupe, machozi yalimtoka asubuhi nzima, naye akamtukana kila aliyempa pole. Meneja aliona. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu mtu wa utaratibu. Alisema asiyeweza kusoma skrini za ofisi ahamishiwe kazi ya nje, kuwazungukia wateja na kuwafundisha kubonyeza vitufe, na nafasi yake ichukuliwe na mwenye macho.

Jioni hiyo, tukifunga ofisi, Lemayian aliniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mwingine.

"Nafula, mimi nikitolewa kwa hiyo kiti nitarudi nyumbani kuchunga ng'ombe za ndugu yangu. Na ndugu yangu ananijua. Siku ya kwanza tu nitazipanga kwa alfabeti."

Nilicheka, halafu nikaona yeye hacheki. Alikuwa anaogopa, na sikuwa nimewahi kumwona akiogopa kitu.

Nikamwendea Meneja. Nilimwambia hakuna haja ya kuchagua. Kihariri, yaani ile programu tunayoandikia, kinaweza kuvaa nguo mbili, nyeusi kwa anayetaka na nyeupe kwa anayetaka, na maandishi yakabaki yaleyale. Akaniuliza kama itachukua muda. Nikasema hapana, kwa sababu bado nilikuwa kijana. Alikubali Lemayian abaki na mashine yake nyeusi mpaka tumalize programu ya mnada wa mifugo wa Kajiado. Ikionekana weusi na weupe wanaweza kufanya kazi pamoja bila fujo, atabaki. Kukitokea fujo, atatoka.

Jaribio la kwanza lilikuwa la Meneja mwenyewe. Alisema rangi ni rangi, badilisha tu mgongo, yaani rangi iliyo nyuma ya maandishi. Nikabadilisha mgongo. Manjano ikapotea yote, maana manjano juu ya weupe ni chumvi juu ya sukari. Majina yaliyokuwa meupe yakatoweka nayo. Kilichobaki ni kijani kikali kilichotapakaa ukurasani, na Meneja akauliza programu nyingine iko wapi. Akaniagiza nipange upya, kila kitu nikipe rangi inayopendeza kwenye weupe, nisijali ile nyeusi inasema nini. Nikafanya nilivyoagizwa. Amri zikawa buluu, maneno ya mteja hudhurungi, namba nyekundu. Maelezo nikayapa zambarau, ikatulia vizuri kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu ofisi ifunguliwe yakasomeka kutoka mbali.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na ilichukua siku kadhaa kujulikana. Kwa miaka yote hiyo, akijua hakuna atakayeinama kusoma kijivu chake, Lemayian alikuwa anaandika kwenye maelezo chochote kilichomjia. Mle ndani mlikuwa na methali, mlikuwa na malalamiko juu ya chai ya ofisi, na mlikuwa na maoni yake kuhusu wakubwa.

Siku ya kuzindua programu ya mnada, mimi na Lemayian tulikuwa Kajiado na mashine yake nyeusi. Programu ilikuwa rahisi. Mnyama anaingia kwenye kizimba cha chuma kilichosimama juu ya mizani, mizani inasoma uzito wote, programu inatoa uzito wa kizimba, inabaki nyama. Kizimba kilikuwa kizito, kilitengenezwa kwa ajili ya madume. Kwa wiki nzima Lemayian na Meneja walikuwa wamegombana juu ya kizimba hicho: Meneja aliambiwa na fundi kwamba mizani mpya inakitoa yenyewe, Lemayian akasema fundi huyo hawezi kutoa hata koti lake.

Bwana Musyoki alikuwa amebaki Kitengela, akisoma programu kwenye skrini yake nyeupe kabla ya kuikabidhi kwa wenye mnada. Yaliyosemwa kwenye simu niliyapata baadaye kwa wote wawili, na kwa bahati mbaya yalifanana neno kwa neno. Meneja alikuta kitu kwenye sehemu ya kizimba, akapiga simu mara moja. Ofisi ilikuwa imejaa watu, na hakutaka kusoma alichokiona. Akatumia lugha yetu ya rangi, aliyokuwa akijaribu kujifunza ili tumpende.

"Mzee, hapo kwa kizimba futa ile ya zambarau. Saa hii. Wewe mwenyewe unajua ni kwa nini."

Lemayian alijua, au alidhani anajua. Kwenye skrini yake hapo kwa kizimba palikuwa na zambarau moja tu, nayo ilikuwa namba ya uzito wa kizimba. Akasema moyoni kwamba Meneja amemsikiliza fundi wake mpaka mwisho. Akasema ndiyo, akafuta, akaweka sifuri, akakaa akisubiri aibu impate mwenye nayo.

Mimi nilikuwa kwenye mizani. Mnyama wa kwanza baada ya simu hiyo alikuwa mbuzi wa bibi mmoja aliyekuja naye kutoka mbali, mbuzi wa kawaida mwenye kiburi cha kawaida. Mashine ikasoma uzito wa ndama dume. Nikaigonga. Ikarudia. Mnunuzi aliyesimama pembeni akacheka mpaka akashika ukuta, lakini bibi hakucheka. Alimtazama mbuzi wake, akaitazama mashine, akanishika mkono.

"Hii mashine iko na akili," alisema. "Nimeambia watu kila siku hii mbuzi si ya kawaida, wakakataa."

Alikataa kuuza kwa bei nyingine. Waliomfuata nao wakasikia, na kila mmoja akataka mbuzi wake apimwe na mashine yenye akili. Katibu wa mnada alikuja, akamtazama mbuzi, akanitazama mimi, akachomoa waya ukutani. Siku hiyo mifugo yote iliuzwa kwa kukadiria kwa macho, kama babu zao walivyouza, na sisi tukarudi Kitengela na mashine yetu nyuma ya gari.

Meneja alitukusanya asubuhi iliyofuata. Alisema amesikitika, na naamini alisikitika. Alisema alimwagiza Lemayian afute zambarau, Lemayian akafuta kitu kingine, na hiyo ni dalili ya mtu asiyeona. Hakumlaumu, alisema, maradhi ni ya Mungu, lakini kiti hicho hakiwezi kukaliwa na mtu asiyeona.

"Zambarau ndiyo nilifuta," Lemayian alisema.

"Hukufuta. Nakala uliyorudi nayo nimeifungua hapa kwangu, na bado iko."

"Na kwangu haiko."

Waliapa kwa Mungu mmoja, kila mmoja kwa upande wake. Wenzangu waliangalia sakafu. Nilimwona Lemayian akivua miwani yake na kuifuta kwa shati, na nikajua ameanza kujishuku mwenyewe, kwamba labda kweli hakuona. Hilo liliniuma kuliko maneno ya Meneja.

Nikachukua mashine ya Lemayian na ya Meneja, nikaziweka pamoja kwenye meza iliyokuwa mbali na dirisha. Nikafungua pale kwa kizimba kwenye zote mbili, programu kama ilivyokuwa kabla ya simu. Nikamwomba Meneja aweke kidole kwenye zambarau. Akaweka bila kusita, juu ya maelezo. Nikamwomba Lemayian. Naye akaweka bila kusita, juu ya namba. Ofisi nzima ilisogea kutazama. Programu ilikuwa moja, mstari mmoja, vidole viwili mahali pawili, na wote wawili walikuwa sawa.

Halafu mtu fulani wa nyuma, namshukuru mpaka leo, akauliza hayo maelezo yanasema nini hata yafutwe kwa simu. Meneja akasafisha koo. Angeweza kukataa. Aliinama akasoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma wasifu wa marehemu:

"Haraka hii ni ya Meneja. Hajawahi kumshika mbuzi hata kwa kamba."

Lemayian alivaa miwani yake tena, akaona hakuna pa kujificha, akaivua.

"Ni kweli," Bwana Musyoki alisema mwishowe. "Sijawahi."

Akawa wa kwanza kucheka. Tangu siku hiyo nilimpenda yule mtu na mashati yake. Alimwachia Lemayian kiti na skrini yake nyeusi, kwa sharti moja: hakuna tena kuagizana kwa rangi, ofisini wala kwenye simu.

Mngedhani Lemayian alishukuru. Alinuna. Alisema lugha ya rangi aliileta yeye, sisi wengine hatukuwa tumejua hata kuwasha mashine, na sasa inauawa kwa sababu ya mbuzi mmoja. Alinuna mpaka nikamwuliza kitu ambacho kwangu kilikuwa swali la kawaida. Nilimwuliza kwao wanawatambuaje ng'ombe wakati wa kiangazi, wote wakiwa rangi ya vumbi.

"Kila mmoja ako na jina lake," alijibu, "na jina la mama yake." Akaniambia neno la Kimaasai ambalo sitaliandika hapa, akaenda kunywa chai ile aliyoilalamikia.

Aliporudi alidai kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayeipa jina kila aina ya maandishi. Tukaandika faili ambalo juu yake hakuna rangi hata moja, kuna kazi tu: amri, jina, namba, neno la mteja. Maelezo aliyaita umbea, na ndiyo maana mpaka leo mnaona neno hilo kwenye mafaili yenu na kuniuliza nani alikuwa mlevi. Chini ya majina hayo kila skrini ikapata nguo zake. Amri ni amri, iwe imevaa kijani gizani au buluu mwangani.

Kupanga nguo hizo kulinifundisha mengi kuliko chuo. Juu ya weusi usitumie weupe mtupu, unapiga macho kama tochi. Tumia weupe uliochoka. Buluu nzito kwenye weusi huzama, na manjano kwenye weupe mmeshasikia habari zake. Umbea uwe mpole lakini usomeke, kwa sababu mkishauficha watu wataandika ukweli ndani yake. Usiamini rangi uliyoichagua umekaa kivulini. Ipeleke dirishani saa sita mchana, ukunje macho nusu, uone nani amebaki amesimama. Na usimwulize mwenye macho mazuri. Mimi nilimwuliza Lemayian kila rangi, naye alizikataa karibu zote.

Programu ya mnada tuliirudisha Kajiado na ikafanya kazi. Yule bibi alikuja tena na mbuzi wake, uzito ukasomwa wa mbuzi, naye akasema mashine imezeeka.

Miaka ilikwenda. Mwishoni mwa miaka ya elfu mbili makovu yalimshinda Lemayian. Kwanza ikapotea skrini nyeupe, halafu nyeusi, halafu sisi. Alifanyiwa upasuaji na haukusaidia. Nilimngojea aombe kuondoka, hakuomba. Alivuta kiti chake karibu na changu, akasema nimsomee.

Nikagundua inawezekana. Kama tungekuwa bado tunasema zambarau na kijani ningekuwa namsomea upepo. Lakini kila kitu kilikuwa na jina la kazi yake, na majina hayo alikuwa ameyatoa yeye. Nilisoma, "Amri: kama. Jina: uzito. Namba," na yeye, amefumba macho, aliniambia simama hapo, hiyo namba mama yake ni nani, imetoka wapi? Alikuta makosa ambayo sisi wenye macho tuliyapita mara tatu. Alikalia kiti hicho mpaka muda wake wa kustaafu ulipofika, na hakuna meneja aliyethubutu kusema neno.

Siku moja kati ya zile za mwisho tulibadilishiwa mashine. Nikaiwasha mbele yetu wawili, jua limejaa dirishani.

"Skrini iko rangi gani leo?" aliniuliza.

"Nyeupe, Mzee. Ngoja nigeuze."

"Wacha tu," alisema. "Siku hizi hainiumizi. Soma."

Nikaanza kusoma, na sauti ikanikatika katikati ya mstari. Alingoja kidogo, kisha akaniuliza kama hiyo ilikuwa amri au umbea.